Dawa Aliyoitema Babu

Nianze na ujinga wenyewe, usije ukausubiri hadi mwisho. Siku ya Jumanne, saa kumi na mbili asubuhi, kabla sijaenda shule, mbele ya majirani wawili na mama yangu mzazi, nilimwita babu yangu teja. Sikuwa na hasira naye. Ulikuwa utani, naye akacheka, majirani wakacheka, hata mama akaficha mdomo kwa upande wa kanga. Nikatoka chumbani kifua mbele kama mchekeshaji aliyeshangiliwa na uwanja mzima. Siku tatu zilizofuata babu alilala akiuma shuka kwa maumivu, na sababu nilikuwa mimi.

Sasa tulia nikueleze, mwanangu. Nakuita mwanangu kama tunavyoitana kijiweni, usidhani nina mvi. Nina miaka kumi na saba, niko kidato cha nne, na mwalimu wangu wa darasa akisikia natoa nasaha atataka aone kibali. Lakini hili nimelipitia mwenyewe. Wapo wazee wengi wenye nasaha tele ambao hawajawahi kumgeuza mgonjwa kitandani hata mara moja. Kwa hiyo kaa, sikiliza, simu weka mfukoni.

Tunaishi Kibiti, ndani kidogo ukitoka barabara ya lami. Babu ni baba yake mama. Asili yake ni Mmatumbi wa milimani kusini, lakini ujana wake wote aliumalizia bondeni Rufiji akilima mpunga, miezi mingi ya mwaka akiishi juu ya dungu, kile kibanda cha miguu mirefu, akifukuza ndege na nguruwe. Sauti aliyokuwa akifukuzia ndege ndiyo aliyotuamshia swala ya alfajiri. Ukiamshwa hivyo huhitaji kunawa uso, usingizi unakimbia wenyewe.

Kwetu babu na mjukuu ni watani, hilo unalijua. Babu aliniita mgoni wake tangu sijaota meno, kwa madai kwamba nilimnyang'anya bibi kwa kulala katikati yao. Nami nilipopata akili nilimjibu kwamba sikumnyang'anya, bibi alichoka mwenyewe. Bibi alipofariki tuliendelea hivyohivyo. Nadhani ilikuwa njia yetu ya kumtaja bila kulia.

Kisha babu akapatwa na saratani ya tezi dume. Tulipokuja kujua ilikuwa imeshaingia kwenye mifupa. Madaktari wa Dar es Salaam walimweleza mama bila kuzungusha: hakuna cha kuiondoa, kilichobaki ni kumtunza asiteseke. Babu aliyasikia yote maana hakuna aliyekumbuka kumtoa chumbani. Akasema, "Kama ni kutunzwa, nitunzeni nyumbani. Nataka nisikie adhana ya msikiti wangu, na siku yangu ikifika mnizike ubavuni mwa mke wangu. Huku Dar nitazikwa na watu nisiowajua, tutaanza kusalimiana upya."

Mama akamrudisha Kibiti. Mara mbili kwa wiki alikuja Nesi Zuhura kwa pikipiki. Kazi yake inaitwa tiba shufaa, yaani kumuuguza mtu ambaye hatapona, ili siku zilizobaki ziwe siku kweli, asikae tu anangoja. Nilidhani mtu wa kazi hiyo atakuja na uso wa msiba. Wapi! Alibisha hodi kwa sauti, akavua viatu, akavuta kigoda akaketi chini ya usawa wa macho ya babu.

"Shikamoo babu. Unaniruhusu nikuguse mguu?"

"Marahaba. Guseni tu, mmeshanigusa kila mahali huko Dar, hakuna aliyeuliza."

"Basi mimi nauliza. Nikuguse au nisubiri?"

Babu alimtazama, akaangalia kama kuna mwingine nyuma anayeambiwa. Mzee wa miaka themanini na kitu, hawezi kukaa bila kushikwa, anaombwa ruhusa ya mguu wake mwenyewe. Kuanzia siku ile alimpenda nesi yule kuliko wajukuu wote, na mimi nikiwemo.

Nesi ndiye aliyeleta chupa ndogo ya dawa ya maji, mofini, ya kutuliza maumivu makali. Mama aliivuta kwa bomba la sindano lisilo na ncha, akaidondosha ndani ya shavu la babu kila baada ya saa nne, mchana kutwa. Mwanangu, nilimwona babu akirudi. Wiki ya kwanza alidai chai ya maziwa, akamkosoa mtangazaji wa redio, akaanza tena kuswali kwa ishara za kichwa na macho, rakaa zote, hadi salamu. Nilikuwa nakaa mlangoni nikimsikiliza anavyosoma.

Hapo ndipo mdomo wangu ukawasha. Shuleni tulikuwa tumetoka kufundishwa madhara ya dawa za kulevya, na mwalimu alitaja mofini kwenye orodha yake. Kwa hiyo Jumanne ile, wakati mama anamaliza kumpa dawa, mimi nikachukua chupa, nikasoma kibandiko kwa sauti ya mtangazaji:

"Jamani eeh! Babu kumbe teja! Hii mofini ni ndugu yake heroini, baba mmoja mama mmoja. Bado kidogo tutamkuta stendi amesinzia huku kasimama, mate yanamtoka, anaomba nauli ya kwenda Ikwiriri!"

Nikaigiza na namna ya kusinzia. Babu alicheka hadi akakohoa. "Mgoni wangu, Mungu akusamehe," akasema. Nami nikachukulia kwamba nimesamehewa, nikaenda zangu.

Mchana ule babu alianza kusema ameshiba. Jioni akasema hasikii maumivu. Mama akampa dawa hivyohivyo, naye akafungua mdomo kama mtoto mtiifu. Lakini Jumatano alikuwa amekunja vidole kwenye kamba za kitanda, jasho linamtoka na hakuna joto. Alhamisi hakuweza kuguswa. Ukiweka shuka tu anavuta pumzi kwa meno. Nilimsikia akianza swala ya alfajiri, akafika kati ya Alhamdu, akanyamaza, akaanza upya, akanyamaza tena palepale. Mara ya tatu hakuanza.

Mama akakata shauri. Nilipotoka shule nilimkuta anapanga nguo za babu kwenye begi.

"Dawa haimfai tena," akasema bila kunitazama. "Jumamosi asubuhi gari inakuja, tunamrudisha Dar."

"Babu amekubali?"

"Babu yako hajaulizwa, Sele. Mimi siwezi kukaa hapa namwangalia baba yangu anatafuna shuka. Siwezi."

Akatoka kwenda kuongea na mwenye gari. Nikaingia chumbani. Babu aliniomba nimwekee mto sawa, nikaunyanyua, na chini yake nikakuta taulo dogo limekunjwa mara nne. Lilikuwa limelowa na lina harufu ya ile dawa. Kumbe kila mama alipogeuka kuosha bomba, mzee alikuwa anaitemea humo.

"Babu, hii nini?"

"Liache hapo."

"Unaitema dawa?"

Alifumba macho. Kisha akasema polepole, "Mimi nakaribia kuulizwa kaburini, mgoni wangu. Malaika wakija wakaniuliza Mola wako nani, niwajibu nimesinzia? Mate yananitoka?"

Mwanangu, sijui kama ushawahi kusikia maneno yako mwenyewe yakirudi kwako kutoka kwenye mdomo wa mtu anayeumia. Nilitamani kitanda kimezwe na ardhi nami nikiwa chini yake. Mzee alicheka siku ile kwa sababu utani ndiyo desturi yetu, na mtani hakasiriki. Hakuna aliyemkataza kucheka, na hakuna aliyemruhusu kuogopa. Akaenda kuogopa peke yake, na mto juu ya taulo.

"Usimwambie mama yako," akasema.

Hapa wengine wangeleta habari za kutunza siri ya mzee. Mimi ni mtu wa kutunza siri sana, hasa zangu. Lakini Jumamosi ilikuwa keshokutwa, na babu angepakiwa kwenye gari kupelekwa mahali asipotaka kufia kwa sababu ya kichekesho changu. Mama aliporudi nilimkuta uani, nikamweka lile taulo mikononi, nikamwambia lote. Nilijiandaa kwa kofi. Hakunipiga. Alilinusa taulo, akakaa kwenye ngazi, akachukua simu akampigia Nesi Zuhura. Kofi lingekuwa nafuu.

Nesi alikuja Ijumaa asubuhi na mapema, kabla sijaenda shule. Alinisikiliza akiwa bado na kofia ya pikipiki kichwani.

"Nenda ukamwambie wewe, sista," nikamsihi. "Wewe anakuamini."

"Nikimwambia mimi kwamba dawa ni nzuri, atasema ndiyo nesi, ahsante nesi, kisha atatafuta taulo jingine. Neno lako ndilo lililomwingia. Ingia ukalitoe."

"Kwa hiyo nisimtanie tena?"

Akavua kofia. "Nani kasema? Nyumba nzima hii ni wewe peke yako unayemwongelesha kama mtu aliye hai. Utani wako haukuwa na kosa kubwa. Kosa lako ulirusha neno ukaondoka, hukubaki kuangalia limemwangukia wapi. Mgonjwa wa namna hii hawezi kukufuata mlangoni akakwambia umemuumiza. Lazima ubaki."

Nikaingia. Nesi akabaki mlangoni na mama. Sikukaa kitandani. Nilivuta kile kigoda, nikaketi.

"Nani kakutuma?" babu akauliza.

"Sijatumwa. Nimekuja kukuomba radhi."

Akafungua jicho moja. "Wewe? Basi kiyama kiko karibu kweli, siondoki peke yangu."

"Babu, nilisema ujinga. Teja anakimbilia unga ili awakimbie watu. Wewe ulipokunywa dawa ulirudi kwetu. Uliomba chai. Ulimtukana yule wa redio."

"Alistahili."

"Na uliswali. Jumatatu nilikuwa hapo mlangoni, ulimaliza rakaa nne zote na dawa tumboni, hukukosea hata aya. Jana bila dawa umerudia Alhamdu mara tatu hukufika mwisho. Sasa niambie wewe, kati ya siku hizo mbili ni ipi ambayo akili yako ilikuwa imechukuliwa?"

Sikuwa nimeipanga hoja hiyo. Ilinijia nikiwa nasema. Babu alitazama dari, na nilimwona kabisa akihesabu rakaa zake.

Akamgeukia nesi. "Binti, huyu anasema kweli au ananipiga porojo?"

Nesi akaja akachuchumaa. "Anasema kweli, babu. Siku mbili tatu za kwanza huleta usingizi, kwa sababu mwili ulikuwa na deni la kulala. Baadaye akili inakaa sawa. Nikiona inakuchanganya nitapunguza, na nitakwambia kabla sijapunguza. Hutajificha nami sitajificha. Na tukitaka, saa za dawa tutazipanga kwa adhana. Unapata dawa mapema kidogo, adhana inakukuta umetulia."

"Hilo linawezekana?"

"Kwa nini lisiwezekane? Dawa ni yako, swala ni yako."

Babu akanitazama. Uso ulikuwa umekunjamana kwa maumivu lakini jicho lile la ukorofi lilikuwa limerudi. "Lete hiyo chupa. Na ukiniita teja tena, nakuachia urithi wa yule jogoo wangu anayekudonoa."

"Babu, heri teja."

Akataka kucheka na mama akamzuia, maana bomba lilikuwa tayari mdomoni. Safari hii alimeza, akafungua mdomo, akatuonyesha ulimi chini na juu kama mtoto wa chekechea. Siku ile sikwenda shule. Mchana, watu wakiwa msikitini kwa Ijumaa, yeye aliswali adhuhuri yake kitandani, akafika mwisho. Mama akampigia mwenye gari akamwambia asije. Lile begi alilifungua hapohapo, akarudisha nguo moja moja sandukuni, na nilimsikia akiimba kaswida kwa pua.

Nesi hakuniachia hivihivi. Alinipa zamu. Dawa ya saa kumi jioni ikawa yangu kila siku nikitoka shule, nayo ikaja na mengine ambayo hakuna mtihani wa taifa unaoyauliza. Alinifundisha kumgeuza babu bila kumburuta, mkono mmoja begani na mwingine nyongani, kwa kumwambia kwanza naelekea upande gani. Kuweka mto kati ya magoti ili mifupa isisuguane. Kumpaka mafuta ya nazi visigino na mgongo. Kulowesha pamba na kumfuta midomo, kwa sababu kufika wakati fulani mgonjwa hahitaji wali wala uji, na ukimlazimisha unamtesa wewe kwa ajili ya kuridhisha moyo wako. Hilo lilimshinda mama kwa siku nyingi. Alikuwa anakuja na bakuli la uji, nami namzuia mlangoni kama mgambo. Na kanuni moja nesi aliiweka kwa ajili yangu tu: nisimchekeshe mgonjwa akiwa na kitu mdomoni. Nisubiri ameze, ndipo niseme ujinga wangu.

Tulipata wiki sita. Wageni walikuja na nyuso ndefu, wakanong'ona, na babu akajifanya amelala hadi waondoke. Siku moja jirani akamuuliza mama, palepale juu ya kichwa cha mgonjwa, kama sanda imeshanunuliwa. Babu akasema bila kufungua macho, "Mnunue ya kutosha, msinibanie miguu. Nimelala dunguni miaka arobaini nimejikunja." Jirani alitafuta viatu vyake kwa muda mrefu sana.

Alifariki asubuhi ya Jumapili, baada ya mvua, dirisha likiwa wazi kwa sababu alipenda harufu ya udongo uliolowa. Mama alikuwa upande wa kichwani, mimi nina pamba mkononi. Mama akamsomea shahada sikioni, neno baada ya neno, bila haraka. Sitakudanganya kwamba babu aliitamka kwa sauti. Midomo ilitembea, ikasimama, ikatembea tena hadi mwisho. Mama alikuwa ameisogelea sana, akaniambia ametamka yote. Mimi namwamini mama. Uso wa babu haukuwa umekunjika popote. Adhuhuri tulimswalia katika msikiti wake, na alasiri ilimkuta yuko ubavuni mwa bibi.

Basi nasaha zangu ni hizi, mwanangu, na uzishike hata kama aliyezitoa amepata alama mbaya za hesabu. Ukiwa na mgonjwa anayeondoka, usimkimbie kwa kisingizio cha heshima. Ingia, kaa chini, muulize kabla hujamgusa. Dawa yake mpe kwa saa, na kama anaikataa usigombane naye, tafuta kwanza anaogopa nini, maana huenda hofu hiyo ulimpa wewe. Usimjadili kama kabati wakati masikio yake yanasikia. Mtanie kama mlivyozoea kutaniana, kwa sababu ukibadilika wewe ndiye unayemwambia kwamba ameshakufa. Ila ukishasema, baki. Mtazame usoni baada ya kicheko kuisha, hadi ujue kicheko hicho kilikuwa cha nini. Ukiona umekosea, rudi siku hiyohiyo, wala usiwatume watu wazima wakuombee radhi.

Mungu akujaalie mikono isiyo na papara na mdomo unaojua kusubiri. Wazee wako awaondoe taratibu, nyumbani kwao, bila maumivu. Nawe siku yako ya mbali ikifika, akuwekee pembeni mtu wa kukulowesha midomo na kukuchekesha ukishameza. Amin.

Limebaki neno moja, nalo si langu. Siku ya tatu, hitma ilipokwisha na wageni kutawanyika, mimi na mama tulitoa godoro la babu tukalianika juani. Nikamuuliza kama bado ana kinyongo na mimi. Alilipiga godoro makofi mawili matatu kutoa vumbi, kisha akasema:

"Mimi zamu yangu ikifika, uniuguze wewe. Usije ukaniletea watu wenye adabu."